Tupeane uzoefu: mnaoishi chini ya milima, mnajikingaje na maji ya ghafla?

Wanajamvi, habari zenu. Vuli imekaribia, na mimi ikiingia Oktoba usingizi unakuwa wa mang'amung'amu. Nakaa Mombo, chini ya milima ya Usambara, nyumba ya tatu kutoka korongoni. Mombo iko mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari, Lushoto huko mlimani iko mita 1,400 hivi, na barabara inayotuunganisha haifiki kilomita 35. Mvua ikipiga huko juu, maji hayakawii kutufikia.

Kilichonitia adabu ni siku ambayo kwetu halikudondoka hata tone. Jua linawaka, nimeanika mbegu za maharage uani, ila mlimani kumefunga wingu zito. Kwenye saa tisa alasiri nikasikia mngurumo, nikajua ni lori linamwaga mawe. Mama mkwe, mzaliwa wa hapa, akanishika mkono: "Mwanangu, hilo si lori. Beba watoto." Hata viatu sikuvaa. Tulipofika barabarani, maji mazito yenye magogo na migomba mizima yalikuwa yameshafika dirishani kwetu. Tulipoteza mbuzi wawili na magunia yote ya mahindi. Watoto wote wazima, alhamdulillahi.

Maji yalipokauka tukakuta kalavati limeziba kabisa: shina la mgomba, juu yake viroba vya taka, juu yake mchanga. Viroba vile ni vya kwetu, tulitupa wenyewe. Naomba tuelezane mlichofanya kikasaidia, hata kiwe kidogo.

*Fundi mwashi, Korogwe*
Pole sana dada. Kwenye makalavati nimefanya kazi miaka mingi. Bomba jembamba linazibwa na gogo moja tu, na likiziba maji yanapanda barabara na kuingia majumbani. Mtaani kwetu tulichanga tukasimika nguzo za chuma hatua kadhaa kabla ya kalavati, zimeachana kiasi cha mtu kupita. Magogo yananasa pale, maji yanapita. Lakini zinataka kusafishwa kila baada ya mvua kubwa, la sivyo nguzo zenyewe zinakuwa bwawa. Zibueni Septemba, udongo ukiwa mkavu. Na ule mchanga mnaochota msiulundike ukingoni, mvua ya kwanza tu itaurudisha.

*Mkulima, Soni*
Wazee wa huko chini, shikamooni. Nimesoma habari ya dada nikaona haya, maana maji yanayopita kwetu Soni ndiyo yanayoshukia Mombo. Huku shamba liko ubavuni mwa mlima. Ukilima matuta ya kushuka na mteremko jembe linakwenda vizuri, ila kila mvua inaondoka na udongo, nyie mnaupokea.

Dawa ni matuta ya kukata mteremko, lakini babu yangu hakutaka hata kuyasikia. Wakati wa Mwingereza, kuanzia 1946, kulikuwa na mradi bonde la Mlalo ambapo watu walilazimishwa kuyachimba, na chuki ile ilirithiwa. Baba alianza kulegea miaka ya 80, mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kupanda miti mashambani, ulipokuja kwa msaada wa Wajerumani. Kilichomshawishi ni ng'ombe. Majani ya Guatemala ukiyapanda kwa mstari unaokata mteremko yanashika udongo, na ukiyakata ni malisho ya bandani. Alipoona maziwa yameongezeka akaongeza mistari mwenyewe, bila kusukumwa na bwana shamba. Sasa nina mistari sita, na miti ya migrivea kwenye mipaka. Sehemu ya chini ya shamba imeanza kukaa tambarare yenyewe, udongo umejikusanya. Jirani yangu bado analima kushuka. Nazungumza naye taratibu, kwa kumpa miche ya majani.

*Bodaboda*
Mimi nina moja tu. Maji yanayokimbia, kina cha sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo. Usiku huoni kama barabara bado ipo chini ya maji. Abiria akinisukuma nivuke namrudishia nauli yake.

*Mwalimu, Muheza*
Huwa nawafanyisha wanafunzi hesabu hii: mvua ya milimita 50 kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50. Ardhi ikiwa imeshalewa maji, sehemu kubwa inateremka. Wakishapata jibu darasa linanyamaza.

Katesh, chini ya mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, yalishuka matope na mawe alfajiri, watu zaidi ya 80 wakafariki. Tangu hapo tuna makubaliano na watu wa juu. Mvua ikipiga sana wanapiga simu kwa watu watatu huku chini, maana mmoja anaweza kuwa hana chaji, na mmoja wa hao watatu ana ufunguo wa kipaza sauti cha msikiti. Watoto tumewafundisha dalili mbili: mto ukigeuka ghafla rangi ya chai ya maziwa, au ukipungua ghafla huku juu kunanyesha. Hiyo ya pili watu wanafurahi wakidhani mvua imekatika, kumbe kuna kitu kimeziba huko juu na kitaachia. Kimbilia pembeni, upande ulioinuka, usifuate korongo.

Na sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto. Najua wengi tumeshajenga ndani yake. Angalau chumba cha watoto kisiwe upande wa maji.

*Mleta mada*
Ahsanteni, nimesoma yote mara mbili. Chumba cha watoto kwangu kiko upande wa korongo, kuanzia leo wanalala sebuleni. Jumamosi tunazibua kalavati, majembe na mikokoteni vipo. Kaka wa Soni, nitumie namba yako faragha, nakutumia za kwetu tatu.