Mbwa wa makao, wa kununua au wa jirani: nichukue yupi? (Nakuru)

BabaKiamunyi
Wadau, tumehamia Kiamunyi, ua umekamilika, na watoto hawaniachi nipumue wakidai mbwa. Kitinda mimba ana miaka sita. Kuna jamaa anauza papi wa Jamani Shefadi, ananiambia niwachukue wakiwa na wiki tano. Mbwa wa jirani naye amezaa, hao ni bure. Halafu kuna KSPCA, shirika lenye makao ya wanyama, wana tawi Naivasha, kama kilomita 70 kutoka hapa. Nataka mlinzi, lakini asiyeuma watoto.

Vet_Njoro
Wiki tano? Achana naye. Papi hukaa na mama yake angalau wiki nane, na ni kwa kuchezacheza na ndugu zake anajifunza kuuma bila kuumiza. Huyo muuzaji anakwepa gharama ya chakula tu. Mwulize kadi ya chanjo yenye stika za chupa na sahihi ya daktari. Akikuonyesha karatasi ya daftari, shika njia.

NyarDunga
Mimi niko Kisumu, nasema chukua wa jirani. Mbwa wa kienyeji anakula ugali na omena, na jua la huku halimsumbui. Pesa ya Shefadi ipeleke kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa: akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kaunti yetu ni kati ya tano za kwanza kwenye mpango wa taifa wa kuumaliza ugonjwa huo kufikia 2030, pamoja na Siaya, Homa Bay, Makueni na Kitui, kwa hiyo huku usipochanja majirani watakuuliza.

Naka_Mtulivu
NyarDunga, hiyo bure ina bei yake. Dawa ya minyoo, chanjo, kisha kumhasi, au kumfunga kizazi kama ni jike. Mimba ya mbwa ni kama siku 63 tu, hao watoto utampa nani? Makao mazuri hukupa mbwa aliyekwisha kufanyiwa hayo.

Na kwa nyumba yenye mtoto wa miaka sita, mimi ningechukua mbwa mzima. Papi hujui atakuwa nani. Mzima unamwona alivyo. Mtafute anayemlisha kila asubuhi, umwulize: mtu akisogelea bakuli lake anafanyaje? Anaogopa wanaume? Kelele za watoto anazivumilia?

Ukiweza, jitolee pale kwanza. Usitarajie kubembeleza wanyama: ni gambuti, kuosha vibanda, kusugua bakuli, kutoa kupe masikioni. Lakini mbwa uliyemtembeza kwa kamba Jumamosi kadhaa hakushangazi ukimfikisha nyumbani.

BabaKiamunyi
Naivasha kila Jumamosi sitaweza. Na huyo wa makao atabweka kweli?

Naka_Mtulivu
Akishajua lango ni lake, utamwomba anyamaze. Siku za kwanza wengine hujificha chini ya gari na kukataa chakula. Mwache, na usiite ukoo mzima kuja kumwona.

Mama_Lanet
Mmesahau parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua papi. Kama mbwa aliwahi kufa nayo kwenye huo ua, papi asikanyage hapo. Kirusi chake hukaa udongoni miezi mingi, na sabuni ya kawaida haikiui. Sakafu inataka jiki. Mzima aliyechanjwa hana hatari kubwa hivyo.

BabaKiamunyi
Shefadi nimemfuta. Jumamosi nawapeleka watoto Naivasha, kuangalia tu.

NyarDunga
Kuangalia tu, na watoto? Beba kamba.