Tupeane uzoefu: kizunguzungu kitokacho shingoni na tiba ya sindano za Kichina

Mleta mada: Wenzangu, salaam. Naomba tukusanye uzoefu wa wale wanaopata kizunguzungu kinachoambatana na maumivu ya shingo, hasa waliokwisha kujaribu akupancha, yaani hizo sindano za Kichina. Mimi huanza kuyumba ninapogeuka kutazama nyuma, na kisogo huwa kimekaza kiasi kwamba kukigusa tu kunauma. Tafadhali kila mmoja aeleze alichofanyiwa mwenyewe. Habari za kusikia tuziweke kando.

Shingo Ngumu: Ndugu mleta mada, yangu ilianza baada ya gari tulilopanda kugongwa kwa nyuma. Nilielezwa kwamba misuli midogo iliyo chini ya kisogo ina vipokezi vingi mno vinavyoujulisha ubongo kichwa kimeelekea wapi, na kwamba ikiumia au ikikaza, taarifa zake hupingana na zile za macho na sikio la ndani. Mtaalamu wa sindano alipapasa kwa kidole gumba hadi akavipata vishimo viwili chini ya kisogo, ambavyo Wachina huviita Fengchi, akachoma hapo, kisha utosini na kandokando ya pingili za shingo, akaniacha nimelala kwa takriban nusu saa. Kuchomwa kwenyewe hakukuuma. Kilichonishtua ni uzito fulani uliopanda taratibu hadi nyuma ya jicho, na yeye akasema hicho ndicho alichokuwa akikitafuta. Nilitoka shingo ikiwa nyepesi lakini nikisinzia, kwa hiyo ni vyema mtu mwingine akuendeshe. Hata hivyo nafuu haikudumu mpaka nilipoongeza mazoezi ya fiziotherapia, hasa lile la kufumba macho, kugeuza kichwa, kisha kukirudisha pale pale kilipokuwa kikitazama alama ya ukutani. Mwanzoni nilikuwa naikosa alama kwa mbali, jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

Msafiri wa Kitandani: Mimi nina ushuhuda tofauti. Sindano zilinilegeza mabega vizuri, ila kizunguzungu kikabaki vilevile. Kilikuwa kikinijia ninapojigeuza kitandani, chumba kinazunguka kwa muda usiofika dakika moja, kisha kinatulia. Daktari wa masikio alinilaza chali kwa haraka, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande na kuning'inia kidogo ukingoni mwa kitanda, akayatazama macho yangu yanavyochezacheza, akasema ni chembechembe za chokaa zilizohama mahali pake ndani ya sikio. Alinigeuzageuza kichwa kwa utaratibu wa Epley, na hali ikaisha. Ndugu, wewe umepimwa masikio?

Mkono wa Tiba: Nafanya kazi ya fiziotherapia, na swali hilo ndilo la msingi. Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha kwamba kizunguzungu kinatoka shingoni. Madaktari hufikia uamuzi huo baada ya kuondoa sababu nyingine, na baadhi yao bado wana shaka nao. Tafiti nyingi za akupancha kwa tatizo hili zimefanyika China na zinaonyesha nafuu, lakini nyingi ni ndogo na hazikulinganisha na sindano za kuigiza, yaani zinazofanana na tiba lakini si tiba yenyewe, hivyo siwezi kumwahidi mgonjwa kwamba atapona. Namruhusu ajaribu, mradi sindano ziwe mpya na aendelee na mazoezi. Lakini mtu akiona vitu viwili viwili, ulimi ukawa mzito, akashindwa kumeza au uso ukafa ganzi, aende hospitali mara moja, kwa sababu huenda ni kiharusi au mshipa wa shingo umechanika.

Mleta mada: Nashukuru sana. Masikio bado, nitaanzia huko. Je, anayetumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuchomwa?

Mkono wa Tiba: Amwulize kwanza daktari aliyemwandikia, na amjulishe mchomaji kabla hajalala, kwani anaweza kuvuja damu na kuvilia. Mwambie pia mchomaji awe mwangalifu juu ya bega, maana sindano ikizama sana pale inaweza kutoboa pafu.