Ulinganisho: Winnipeg, Calgary au Halifax? Tunataka kuionja baridi kabla ya kuhama

Mwalimu wa Kahawa

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Nairobi, mke wangu ni muuguzi, na watoto wetu wana umri wa miaka 9 na 5. Kwa miaka miwili tumekuwa tukizungumzia kuhamia Kanada, na sasa hatuwezi tena kuahirisha uamuzi, kwa sababu kuna mtu anayetaka kununua kiwanja chetu cha Ruiru. Baridi tunayoijua ni ile ya Julai, mawingu yakitanda tangu asubuhi na kila mtu kwenye matatu amejifunga jaketi. Tumeona ni heri tukajionee kwanza, na tumetenga fedha za safari moja ya wiki 3.

Miji tunayoilinganisha ni Winnipeg, ambako binamu ya mke wangu anaishi, Calgary, ambako waajiri wawili wamemjibu mke wangu, na Halifax, ambayo tunaambiwa ina baridi ya wastani. Kaka yangu anashikilia kwamba safari yenyewe ni hasara, na kwamba fedha hizo ziongezwe kwenye akiba ya kuanzia maisha. Naomba maoni ya waliokwishaishi huko: twende wapi, na mwezi gani?

Aliyerudi Lang'ata

Mwalimu, niliishi Winnipeg miaka minne, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona mwenyewe. Wastani wa joto mwezi Januari ni karibu nyuzi 16 chini ya sifuri, na usiku hushuka kupita 20. Hata hivyo, si tarakimu hiyo inayoumiza bali ni upepo, kwa kuwa nchi ile ni tambarare na hakuna kilima cha kuuzuia. Huko watu husikiliza zaidi kipimo kinachojumlisha baridi na upepo. Kipimo hicho kikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kikifika 40, dakika 5 hadi 10 zinatosha.

Asubuhi yangu ya kwanza kwenye kituo cha basi, anga ilikuwa ya buluu safi na jua linawaka, nikadhani nimetishwa bure. Siku zenye baridi kali kule mara nyingi huwa hivyo, kwa sababu usiku usio na mawingu huliacha joto lote lipotee angani. Nilipovuta pumzi, vinyweleo vya ndani ya pua vilikakamaa kama vimepakwa gundi, na nilipofumba macho kope zikanatana. Nilivua glavu nitafute kadi ya basi, na kabla sijaipata vidole vilikuwa vimeanza kuuma kana kwamba vimebanwa mlangoni. Simu ilizimika ikiwa na chaji ya kutosha. Hayo yote yalitokea katika muda wa kusubiri basi moja, na ndiyo sababu nakusihi usizuru kama mtalii anayechukuliwa kwa gari kutoka mlango hadi mlango. Mwombe binamu akuache upande basi kwenda dukani, ubebe unga na mboga, kisha urudi kwa miguu juu ya barafu.

Kuhusu mwezi, wengi husema Februari kwa sababu kuna sherehe na watu huteleza juu ya mto ulioganda. Mimi nasema uende wiki ya pili ya Januari. Katikati ya Februari baridi bado ipo, lakini urefu wa mchana umekwisha kuzidi saa 10, nawe utarudi hujaliona giza, wakati kwetu sisi tuliozoea saa 12 za mwanga mwaka mzima giza lilikuwa mtihani mkubwa kuliko theluji. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa mbili na dakika ishirini hivi asubuhi na kutua saa kumi na nusu jioni, na mke wako akipangiwa zamu ya mchana hospitalini atatoka nyumbani gizani na kurudi gizani.

Fundi wa Calgary

Mimi bado niko huku, na kwa familia yenye watoto wadogo ningechagua Calgary bila kusita. Wastani wa Januari ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, na kuna upepo mkavu wa joto unaoshuka kutoka milima ya Rockies, unaoitwa chinook, ambao unaweza kupandisha joto kwa nyuzi 15 au zaidi ndani ya saa chache. Unaamka theluji imefika magotini, na jioni maji yanatiririka barabarani. Wapo ambao chinook huwaletea maumivu makali ya kichwa, na kama mkeo ana kipandauso jambo hilo alipime kwa makini. Katikati ya mji kuna njia za juu zilizofunikwa, zinazounganisha majengo kwa kilomita kadhaa, hivyo mfanyakazi wa ofisini anaweza kupita siku nzima bila kukanyaga theluji.

Hatari ya chinook kwa mgeni anayekuja wiki moja au mbili ni kwamba anaweza kuangukia siku hizo za joto akadhani huo ndio mji. Mkija Calgary, kaeni wiki zote 3.

Mhasibu Umoja

Namuunga mkono kaka yako, Mwalimu, na nasema hivyo kwa nia njema. Kanada inawataka waombaji wengi wa ukaazi kupitia njia ya wafanyakazi wenye ujuzi waonyeshe fedha za kuanzia maisha, na kiasi hicho hupanda kadiri familia inavyokuwa kubwa. Tiketi za watu wanne, nguo za baridi na wiki 3 za matumizi zitaila akiba hiyo. Aidha, safari ya matembezi haiongezi alama hata moja kwenye maombi yenu. Baridi itajulikana mkifika, kama ilivyojulikana na maelfu waliowatangulia.

Aliyerudi Lang'ata

Ndugu Mhasibu, hesabu yako ni sahihi, ila umeacha upande mmoja wa daftari. Mimi nilihama bila kuzuru. Niliuza gari, nikaacha kazi, na baada ya majira mawili ya baridi nilijua siwezi, lakini nilikaa miwili mingine kwa sababu ya aibu na gharama ya kurudi. Kosa hilo lilinigharimu zaidi ya tiketi kumi.

Ninapokubaliana nawe ni hapa: hakuna haja ya kwenda wanne. Waende watu wazima wawili, watoto wabaki kwa nyanya yao.

Karani wa Viza

Naongezea kuhusu viza, kwa sababu watu wengi huogopa kutaja kwamba wanafikiria kuhama. Sheria ya Kanada inamruhusu mtu kuomba viza ya matembezi huku akiwa na nia ya kuwa mkaazi siku za usoni, mradi afisa aridhike kwamba ataondoka muda wake utakapokwisha. Kwa hiyo msidanganye. Elezeni wazi kwamba mnakwenda kuona mji, na mwambatanishe barua ya ruhusa kutoka kazini, hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki. Ada ya viza ni dola 100 za Kanada kwa kila mtu, na alama za vidole na picha ni dola 85. Alama hizo hudumu miaka 10. Ombi linaweza kukataliwa na ada hairudishwi, kwa hiyo msinunue tiketi kabla ya jibu.

Mama wa Halifax

Mji huu unatajwa kuwa wa wastani, na kwa kipimo cha joto ni kweli, kwani bahari ya Atlantiki huupunguzia makali. Hata hivyo baridi yake ni ya unyevu. Theluji hugeuka mvua, mvua huganda ikigusa ardhi, na asubuhi njia nzima inakuwa kioo. Nimeanguka huku mara nyingi kuliko nilivyoanguka nikiishi Edmonton, ambako baridi ni kali zaidi lakini kavu. Kama mmoja wenu ana matatizo ya magoti au mgongo, Halifax haitakuwa nafuu mnayoitarajia.

Mwalimu wa Kahawa

Nawashukuru sana. Tumezungumza usiku wa jana na tumekubali kwenda wawili. Halifax tumeiondoa, kwa kuwa mke wangu alifanyiwa upasuaji wa goti miaka mitatu iliyopita. Yeye ndiye asiyeipenda baridi, na alikuwa amependekeza niende peke yangu kisha nimletee habari. Je, nguo tununue hapa au huko?

Aliyerudi Lang'ata

Mwalimu, kama ni lazima aende mmoja, aende yeye. Asiyeumizwa na baridi hawezi kumwamulia anayeumia.

Makoti mazito utayapata kwenye masoko ya Gikomba na Toi kwa bei nafuu, kwa kuwa huja ndani ya mitumba na huku hayana wateja wengi. Chagua lenye kofia, lenye mikono inayobana kifundoni na linaloshuka kupita makalio, na bonyeza kitambaa usikie kama manyoya ya ndani bado yanafutuka au yamegandamana. Zipu uifunge na kuifungua mara kadhaa ukiwa umevaa glavu. Nguo ya kugusa mwili iwe ya sufu, kwa maana pamba hushika jasho, na jasho likipoa linakugandisha. Buti zinunueni huko, kwani zinazouzwa huku nyingi zina soli laini inayoteleza. Chukueni pia kopo la Arimis, yale mafuta ya kupaka ngozi. Hewa ya ndani ya nyumba zenye hita ni kavu mno, na kufikia siku ya nne midomo na vifundo vya vidole vitakuwa vimeanza kupasuka.

Wiki 3 hazitakuonyesha urefu wa majira yale, ambayo huanza Novemba na huweza kufika Aprili. Kwa hilo zungumza na binamu, si siku ya kwanza mtakapokuwa mnacheka na kupiga picha za theluji, bali wiki ya mwisho. Muulize jinsi anavyokuwa mwezi Machi.