Kampuni za kigeni zinalipa vizuri, mbona watu hawakai?

Wadau, hoja iliyo mezani ni hii: wafanyakazi wa kampuni za kigeni wanalipwa vizuri kuliko wenzao wengi, lakini wakipata nafasi kwingine wanaondoka bila kugeuka nyuma. Waajiri wanasema ni watu wasio na shukrani. Mimi nakataa.

Nikubali la kukubaliwa. Kwa wastani kampuni hizi hulipa zaidi na mafunzo yapo. Hilo si dogo kwa mtu aliyewahi kudai mshahara wake kama anayeomba msaada. Lakini mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, Marekani. Walichokiona ni kwamba mshahara ukiwa mbaya unamkera mtu, ila ukiwa mzuri, huo peke yake haumfanyi aipende kazi. Anaipenda akiona matunda yake, akitambuliwa, akiaminiwa majukumu na akipanda cheo. Na kwenye kupanda ndipo kampuni nyingi za kigeni zinapofunga mlango.

Wengi tumeliona hili. Msimamizi mwenyeji anajua mashine ipi inazingua ikipata joto, mteja yupi huchelewa kulipa na fundi yupi wa kumpigia usiku. Analetwa kijana kutoka makao makuu. Mwenyeji anamtembeza, anamfundisha, anamsahihishia ripoti. Muda si mrefu yule kijana ndiye bosi wake, kwa mshahara mara kadhaa ya wake, na vikao vinaendeshwa kwa lugha ambayo nusu ya waliomo hawaielewi. Huyu mwenyeji akiacha kazi, kweli tumwite msaliti?

Kanuni ipo. Azimio la Shirika la Kazi Duniani (ILO) la mwaka 1977 kuhusu kampuni za kimataifa linazitaka ziwape kipaumbele raia wa nchi husika katika ajira na kupandishwa vyeo, ngazi zote. Bahati mbaya ni la hiari, halimfungi mtu.

Wapo wanaosema tatizo ni ugeni wenyewe, kwamba mgeni hapendwi hata afanye nini. Hapo tunapishana kabisa. Kiwanda cha magari cha General Motors kule Fremont, California, kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro na migomo. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, uendeshaji ukiwa mikononi mwa Wajapani na wafanyakazi wengi wakiwa wale wale wa zamani. Utoro ukashuka sana. Mfanyakazi wa kawaida aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha uzalishaji akiona kasoro. Wakubwa walikula ukumbi mmoja na wafanyakazi. Mauzo yalipodorora mwishoni mwa miaka ya 1980, hawakumpunguza mtu kazini, waliwapeleka watu mafunzoni. Mwajiri ndiye aliyetangulia kuonyesha uaminifu, wafanyakazi wakafuata, na bosi alikuwa mgeni vilevile.

Kwa hiyo ninyi mnaotetea waajiri, nijibuni: kwenye kampuni mnayoijua, cheo cha juu kabisa alichowahi kushika mwenyeji ni kipi? Na nafasi iliyo juu ya hapo ilipokuwa wazi mara ya mwisho, ilitangazwa, au mlisikia tu kwamba mtu ameshapanda ndege?