Sheria za Sheikh Amri: ziliufunga ushairi au ziliufungua?

Ndugu zangu, kila linapotajwa jina la mshairi Sheikh Kaluta Amri Abedi kwenye mazungumzo ya fasihi, hoja ni ileile: kitabu chake cha 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kiliutia ushairi wa Kiswahili pingu. Wanaosema hivyo wanadai kwamba sheikh aliyezoea halali na haramu alizihamishia kwenye vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (idadi ya silabi katika mstari), na tangu siku hiyo mtu akitunga nje ya sheria zile huambiwa hajatunga. Mimi nasema mambo yalikuwa kinyume chake, na naomba tulijadili bila jazba.

Tuanze na alikotoka. Sheikh Amri alizaliwa Ujiji mwaka 1924, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini. Hakuzaliwa Lamu, wala Mombasa, wala Pemba. Kiswahili kilifika Ujiji kwa miguu, pamoja na misafara. Akasoma Tabora, akawa mubaligh, yaani mhubiri, wa Jumuiya ya Ahmadiyya, kundi la Kiislamu, akashirikiana na Sheikh Mubarak Ahmad katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka 1953. Tafsiri ile ilipingwa vikali na masheikh wa Kisuni, na ubishi wake ulidumu miaka mingi. Leo siingii huko. Ninachotaka mkione ni kwamba mwaka uliofuata ndipo akatoa kitabu cha ushairi. Kwa mtazamo wangu hizo ni kazi mbili za mkono mmoja: kuchukua elimu iliyokuwa kwa wachache na kuiandika ili yeyote ajuaye kusoma aipate.

Kabla ya hapo, utunzi ulifundishwaje? Kwa sikio. Ulikaa na malenga, yaani mtunzi bingwa, ukasikia mashairi yakighanwa tangu udogoni, ukayabeba. Mtoto wa Mombasa hahitaji kuambiwa mizani ni nini, kwa sababu kosa humchoma sikio kabla hajalijua jina lake. Lakini kijana wa Shinyanga au Songea angekaa na nani?

Nafundisha Kiswahili sekondari, na jambo hili naliona kila mwaka. Chukueni maneno mawili tu, mtama na mbegu. Yote yana herufi tano na yote yanaanza na m. Mwanafunzi atakuapia kwamba yana mizani sawa. Sasa yatamkeni polepole: m-ta-ma, mizani tatu, kwa kuwa ile m imesimama peke yake. Mbe-gu, mizani mbili, kwa kuwa m imeegemea b. Huwa naandika ubaoni mshororo niliotunga mwenyewe kwa ajili ya somo hilo:

Mtama wa mbegu njema, hulijaza langu ghala.

Mizani nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), nane utao (nusu ya pili). Darasa zima linahesabu kwa vidole. Kisha naondoa mtama naweka mboga, na ukwapi unabaki na saba. Nikiughani hivyo, hata yule wa nyuma kabisa asiyependa somo anainua uso, maana amesikia pengo. Hapo ndipo sikio linapozaliwa, kwa mtu ambaye nyumbani kwao haongei Kiswahili. Kanuni iliyoandikwa ndiyo iliyomfikisha hapo, na hapakuwa na malenga wa kumpeleka.

Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, tena Mkristo, na akawa bingwa wa vina na mizani hadi ngonjera, mashairi ya majibizano, zikashikamana na jina lake. Kwa hiyo madai kwamba arudhi, yaani kanuni hizi za utunzi, ni mali ya pwani na ya Uislamu peke yake, wakati wabara walikuwa wakililia uhuru wa kutunga bila kanuni hizo, hayakubaliani na watu wenyewe tunaowajua.

Hata hivyo sitamtetea kwa kila neno. Sheikh alisema shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Hapo alivuka mpaka. Kueleza namna ya kutunga aina fulani ya shairi ni kazi ya mwalimu. Kutangaza kwamba nje ya hapo hakuna shairi ni jambo jingine, na kauli hiyo ndiyo iliyookotwa na kugeuzwa rungu pale washairi Kahigi na Mulokozi walipotoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, na mwenzao Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, vitabu vyenye mashairi huru, yaani yasiyofuata vina na mizani. Waliitwa kila jina. Nimekisoma Kichomi mara nyingi na sina shaka kwamba ni ushairi. Lakini kumbukeni tarehe: Sheikh Amri alifariki Bonn, Ujerumani, Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40. Hakuwahi kuuona mstari mmoja wa vitabu hivyo. Waliopigana vita ile kwa jina lake walikifanya kitabu cha mafunzo kuwa msahafu, na lawama ya kosa hilo ni yao.

Kuna wanaosema pia kwamba alikuwa mwanasiasa, hivyo sheria zake zilikuwa za kutawala. Ni kweli alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, mwaka 1960, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Lakini kitabu kilitoka miaka sita kabla ya umeya, wakati Tanganyika iko chini ya Mwingereza na mwandishi wake hana mamlaka juu ya mtu yeyote. Hakuna askari aliyesimama nyuma ya vina vile. Watu walivifuata kwa sababu walivitaka. Inaniuma kwamba uwanja wa Arusha unabeba jina lake, maelfu wanalitamka kila siku ya mechi, na wengi wao hawajui kwamba mtu huyo alikaa akawahesabia Watanganyika silabi za lugha yao.

Pendekezo langu ni kwamba shuleni tuanze na kitabu chake, mwanafunzi atunge tarbia (mashairi ya mishororo minne kila ubeti) hata tano mpaka sikio limkae, kisha apewe Kezilahabi na aulizwe: huyu ameacha nini, na badala yake ameweka nini? Wenzangu wengine wanataka tuanze na mashairi huru ili watoto wasiogope. Nataka kusikia kutoka kwa waliojaribu njia hiyo darasani. Na anayeshikilia kwamba sheria zile ziliwafunga watu midomo, anitajie mshairi mmoja wa miaka ile ya hamsini aliyeacha kutunga kwa sababu ya sheria hizo.