Nimepewa laki moja na nusu ya kutuza mradi bora wa mwanga. Bora kwa kigezo gani?

Mwl_wa_Sikonge

Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha fizikia sekondari ya kata huku mkoani Tabora. Alhamisi hii shule nne zinakutana kwa maonyesho ya sayansi, na safari hii nimebebeshwa mzigo wa pekee. Kijana niliyemfundisha zamani, sasa anapima macho na kuuza miwani mjini, amenitumia sh 150,000 kwa sharti moja: zitoke kama tuzo ya mradi bora wa mwanga. Hakusema "bora" maana yake nini. Nilipompigia alicheka, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa unatutungia mitihani."

Sina hamu ya kurudia ya mwaka jana. Nilikuwa jaji mmoja kati ya watano, tukampa ushindi mtoto wa taa ya chupa. Mnaijua: chupa ya lita moja na nusu, maji, kifuniko kimoja cha jiki, unatoboa bati unaichomeka, chumba kinawaka mchana kutwa bila umeme. Sina ugomvi na taa yenyewe. Yule fundi wa Brazil, Alfredo Moser, alipoanza kuitumia mwaka 2002 alifanya jambo kubwa. Lakini mtoto wetu hakuwa amepima chochote. Nilimuuliza jiki ni ya nini, akajibu, "Ili mwanga uwe mweupe." Jiki ni ya kuzuia maji yasiote kijani! Nikanyamaza, wenzangu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Mwaka huu miradi ya mwanga ni minane. Sita nimeshaiweka pembeni moyoni (tatu ni periskopu za maboksi, zile za vioo vya kuchungulia juu ya kizuizi, mniwie radhi). Imebaki miwili inayonikosesha usingizi.

Wa kwanza ni projekta ya simu. Boksi la viatu limepakwa rangi nyeusi ndani, mbele kuna lenzi mbinuko kutoka kwenye kioo cha kukuzia maandishi, simu inakaa nyuma, picha inatoka ukutani kubwa kama shuka. Kijana ameweka taa za rangi, bango limechapishwa mjini, na anaongea kama mtangazaji. Mkuu wa shule yake ameshaniambia mara mbili, "Umeiona projekta?"

Wa pili ni wa wasichana wawili wa kidato cha tatu. Wamechukua vioo vitatu vya hadubini, vile vya kuwekea sampuli, wakavigandisha kwa silikoni vikawa prizimu yenye tumbo wazi, kila pembe nyuzi 60. Ndani wanamimina asali. Wanapitisha leza nyekundu ya kuchezea paka, ya sh 3,000, halafu wanapima kwa rula ukutani, mita mbili mbele, nukta imehama sentimita ngapi. Maji matupu yanaihamisha kama sentimita 87. Asali nzuri, kama 147. Kadiri wanavyoongeza maji kwenye asali, nukta inarudi nyuma. Bango lao limeandikwa kwa makapeni: KUGUNDUA ASALI FEKI KWA MWANGA. Prizimu inavuja. Leza wameifunga kwa mpira wa baiskeli. Na kwenye grafu yao kuna nukta moja iliyokaa chini ya mstari kama sentimita moja, hawakuifuta.

Moyo wangu uko kwa hawa wa asali, ila nina wasiwasi na moyo wangu. Huenda napenda tu kwa sababu baba yangu alikuwa mrina asali. Nipeni maswali ya kuwauliza, yatakayonionyesha nani anaujua mwanga na nani anaucheza. Na hiyo laki na nusu niitoe kwa sura gani?

---

FundiMiwani

Mwalimu, kwa huyo wa projekta swali ni moja na halihitaji hesabu. Muulize kabla hajagusa kitu: "Nikifunika nusu ya lenzi yako kwa kadi, picha ukutani itakuwaje?"

Karibu kila mtu anasema nusu ya picha itakatika. Haikatiki. Inabaki nzima, inafifia tu, kwa sababu kila kipande cha lenzi kinapokea mwanga kutoka kila sehemu ya picha. Hata mafundi wenzangu wa kuchonga lenzi niliwahi kuwauliza wakashikana mashati. Akijibu vibaya usimkate hapo hapo. Mpe kadi afunike mwenyewe, halafu umtazame usoni. Anayeshtuka na kuanza kuchorachora, huyo ana kitu. Anayesema "lenzi yangu ina tatizo," basi.

Muulize pia kwa nini simu imelazwa kichwa chini. Akisema "video ilielekeza hivyo," umepata jibu lako.

---

JajiMstaafu_Kakamega

Hujambo mwalimu. Mimi nimehukumu haya mashindano huku Kenya tangu yakiitwa Science Congress, mpaka yakawa KSEF (Kenya Science and Engineering Fair). Mradi unapanda kutoka kaunti ndogo, kaunti, eneo, hadi taifa, na nakuambia kila ngazi boksi linalong'aa linapata kura za bure. Dawa yangu ilikuwa kupita mara mbili. Mara ya kwanza napita peke yangu wanafunzi wakiwa chai, sisomi bango. Nasoma daftari. Daftari la kazi lina tarehe, lina kufutafuta, lina doa la chai. Lililoandikwa usiku mmoja lina kalamu moja na mwandiko mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hiyo nukta ambayo hawakuifuta ingetosha kunisimamisha kwenye meza yao robo saa. Waulize imetoka wapi.

Kuhusu leza, tafadhali sana. Nyekundu ya kuchezea si mbaya ikiwa chini ya miliwati moja, lakini maandishi ya hizo za bei rahisi hayaaminiki, na meza iko kimo cha macho ya watoto wa msingi watakaokuja kutazama. Weka kadibodi nyuma na pembeni mwa sehemu yao ya kupimia. Na akitokea mtu na leza ya kijani ya kupasulia puto, mzuie mlangoni. Nyingi za hizo za rahisi huvujisha infraredi usiyoiona, na jicho halijui kujikinga na kisichoonekana.

---

Binti_wa_CD

Shikamoo mwalimu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, kidato cha nne, kwa hiyo naongea kama mtuzwa.

Nilibandua karatasi ya fedha kwenye CD kwa selotepu nikapitisha leza nyekundu. Mistari ya CD imeachana nanomita 1,600, leza yangu ilikuwa ya mawimbi ya nanomita 650, kwa hiyo nukta ya pembeni ilitakiwa kuanguka sentimita 44 kutoka katikati, ukuta ukiwa mita moja. Ikaanguka 45. Nilicheza! Nikajaribu DVD, mistari imeachana 740, na nukta ikapotea kabisa. Nikaandika kwenye bango "DVD haifai."

Jaji mmoja, mama mtu mzima, alisoma pale akaniuliza taratibu, "Ukuta wako una upana gani?" Nikamwambia kama mita mbili na nusu, leza katikati. Akaniachia kikokotoo akaondoka. Nikakokotoa: nyuzi 61, sentimita 184 kutoka katikati. Nukta yangu haikupotea, ilikuwa ukuta wa pembeni, juu ya kabati! Nimemaliza chuo, cheti cha siku ile sijui kiko wapi, lakini lile swali ninalo.

Kwa hiyo kwenye tuzo, mwalimu, mpe kila mmoja swali lake la kuondoka nalo. Halina gharama.

---

BwanaMizinga

Nimeona asali nikaingia. Nina mizinga 140 huku Inyonga na wanunuzi wetu wanakuja na kikopo kidogo cha kuchungulia, wanadondosha tone moja, wanatazama dirishani, wanasema "maji asilimia 22, hatuchukui." Viwango vya kimataifa vinataka isizidi 20, kwa sababu ikizidi inachacha. Kile kikopo kinafanya jambo lile lile la hao mabinti: kinatazama mwanga umepinda kiasi gani. Kwa hiyo kazi yao ni ya kweli, si mchezo.

Lakini bango lao linadanganya, na wewe mwalimu usilipitishe. Asali feki ya siku hizi haiwekwi maji. Inawekwa sukari iliyochemshwa ikawa nzito, na shira nzito inapinda mwanga sawa na asali. Leza yao itaipitisha kama asali safi. Na upande wa pili, asali ya nyuki wadogo wasiouma ina maji mengi kwa asili yake. Leza yao itaiita feki, ilhali ni asali halisi, tena ya bei ghali. Wao wamepima maji. Hawajapima uongo.

Kingine, asali iliyoganda au yenye mapovu inatawanya leza, nukta inakuwa wingu. Waipashe ndani ya maji ya uvuguvugu kisha ilale usiku mzima kabla ya kumimina.

---

Mwl_wa_Sikonge

Wakuu, narudi na mrejesho, nimechelewa kwa sababu ya kusahihisha.

Projekta kwanza. Nilimuuliza kijana swali la FundiMiwani mbele ya mkuu wake. "Nusu itakatika," akajibu bila kusita, kwa ile sauti ya redio. Nikampa kadi. Alifunika, picha ikabaki nzima imefifia, akaiondoa, akaifunika tena upande wa pili. Akanyamaza. Sauti ya redio ilikwisha pale pale. Nimeshakwenda meza ya tano ndipo akanifuata na nyuma ya kipeperushi amechora mshale mmoja na miale mitatu inayopita juu, katikati na chini ya lenzi, yote ikikutana sehemu moja. Mwale wa chini kaukosea, lakini kachora yeye.

Mabinti wa asali. Nikaanza na ile nukta iliyokaa chini. Mdogo wao akafungua daftari (lina doa la asali, Jaji, siyo chai) akanionyesha: vipimo vyote vilichukuliwa saa moja asubuhi kabla ya gwaride, hicho kimoja saa saba mchana kwa sababu walikuwa na zamu ya usafi. Maabara yetu ni bati tupu bila dari. Asali ikipata joto, inaupinda mwanga pungufu, kwa hiyo ilionekana kama ina maji zaidi. Nilikaa chini nikakokotoa: joto likipanda nyuzi 10, nukta inarudi karibu sentimita moja. Ilikuwa sentimita moja. Nawaambieni nilisisimka mwili, miaka kumi na tisa nafundisha sura hii ya kitabu.

Kisha nikawatupia la BwanaMizinga. Nilikuwa nimechemsha shira nyumbani, mke wangu akidhani napika kashata, nikaja nayo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Wakamimina, wakapima: sentimita 145. Mkubwa akatazama bango, akatazama chupa, akaniuliza kama ana ruhusa ya kulirekebisha au majaji wameshaandika. Akachukua makapeni, akakata FEKI, juu yake akaandika YENYE MAJI. Basi, nikawa nimemaliza kuhukumu.

Kulikuwa na maneno. Mmoja wa wenzangu alisema mradi uliorekebishwa siku ya maonyesho hauwezi kushinda, kwamba ni kama kujibu mtihani baada ya kengele. Nikamwambia mtihani una kengele, maabara haina. Hakukubali, na kwenye fomu yake kaandika hivyo.

Fedha nimezigawa hivi: laki moja kwa mabinti, nusu yake tumekubaliana wanunue kipimajoto na vioo vipya visivyovuja. Elfu thelathini kijana wa projekta, nimemwambia ni ya ule mchoro, siyo ya boksi. Ishirini iliyobaki nimenunua lenzi ndogo za kukuzia, kila mwenye mradi wa mwanga kaondoka na moja, hata wa periskopu. Na ushauri wa Binti_wa_CD nimeufuata. Wa periskopu nimewauliza kwa nini kioo kiko nyuzi 45 na si 40, watarudi Jumatatu.

Cheti nimekiandika mwenyewe kwa mkono, sikutaka "kwa kutambua juhudi zako." Kinasomeka: "Walipima maji yaliyomo kwenye asali kwa leza na rula. Kipimo kimoja kilikosea kwa sentimita moja na walijua kwa nini. Walirekebisha kichwa cha mradi walipoona ushahidi." Mfadhili wangu ameomba picha ya cheti akakiweke dukani kwake.

---

BwanaMizinga

Mwalimu, hao mabinti likizo wanakaa wapi? Nina ndoo tatu zimekataliwa wiki iliyopita, asilimia 22 na kidogo, na nashuku kile kikopo cha mnunuzi kilikaa juani kwenye dashibodi.