Neno "grime" tulifasiri vipi kwa Kiswahili?

Mfasiri, Malindi
Assalaam alaykum. Nafasiri maelezo ya Kiingereza kuhusu kusafisha milango ya kale iliyochongwa ya Mji Mkongwe, na nimekwama kwenye neno "grime". Kamusi yangu inanipa "uchafu" peke yake, nami naliona neno hilo pana mno, kwani uchafu ni hata majani yaliyoanguka uani, ambayo ufagio huyaondoa mara moja. Hapa panakusudiwa ule weusi unaong'ang'ania pembezoni mwa njumu za shaba, yaani misumari ya mapambo ya mlango, na pale mlango unaposukumwa kwa mkono, ambapo vumbi, mafuta ya vidole na unyevu wa bahari vimeshikana kwa miaka mingi, hata ukikwaruza kwa ukucha unatoka kama nta. Wenzangu mnasemaje?

Mwalimu, Chake Chake
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Neno hilo halina wingi katika Kiingereza, na linatofautiana na jamaa zake: "dirt" ni jina la jumla linaloingiza hata udongo, "soot" ni masizi yenyewe, na "filth" ni uchafu wa kuchukiza, ambao husemewa hata tabia na maneno ya mtu. "Grime" ni uchafu uliokolea juu ya kitu au ukaingia ndani yake, usiotoka kwa maji matupu. Mimi ningeandika "uchafu sugu".

Mama wa Ng'ambo
Mwalimu, kwa heshima zote, lipo neno letu ambalo naona tunalisahau, nalo ni nongo. Bibi harusi anaposingwa, yaani anaposuguliwa mwili kwa singo yenye manukato, singo hiyo ikishaanza kukauka mwilini, utaziona nongo zikiviringika kama nyuzi nyeusi chini ya viganja vya somo wake, yule mwanamke anayemfunda, ingawa alikoga asubuhi ile ile. Hata ukosi wa kanzu huingia nongo, na kwa ndani ya ukingo wa kofia vilevile. Lakini nongo hutokana na jasho la mtu, kwa hiyo ukuta wa kiwanda hauna nongo, na sufuria ya kuni ina masizi.

Kijana, Mwanakwerekwe
Shikamooni. Je, muziki unaoitwa "grime" nao tuufasiri jina?

Mwalimu, Chake Chake
Marahaba, mwanangu. Huo ulizaliwa mashariki ya London mwanzoni mwa miaka ya 2000, na msanii wake Dizzee Rascal aliupatia tuzo ya muziki ya Mercury ya Uingereza mwaka 2003. Hilo sasa ni jina la fani, nalo huachwa lilivyo, kama sisi tusivyotaka taarab ifasiriwe. Kuhusu nongo, mama amenishinda. Nilikuwa natafuta neno moja ilhali Kiswahili kinauliza kwanza uchafu umetoka wapi.

Mfasiri, Malindi
Ahsanteni sana. Nimeandika hivi: "Uchafu sugu ulioganda kwenye njumu usikwaruzwe kwa kisu, na pale penye nongo za mikono pafutwe taratibu kwa kitambaa laini."